Arigoni: Gesi Ajizi, si Gesi Adimu

Mfugaji anayenywesha ngamia kisimani Banissa, katika Kaunti ya Mandera, huvuta arigoni katika kila pumzi. Gesi hii ni asilimia 0.93 ya hewa kavu, zaidi ya mara 20 ya kabonidioksidi. Haina rangi, harufu wala ladha.

Iligunduliwa kwa mizani. Mwanafizikia Mwingereza, Lord Rayleigh, aliona kuwa lita moja ya nitrojeni iliyotolewa hewani ina gramu 1.2572, ilhali ile iliyopatikana kwa kemikali ina gramu 1.2505. Tofauti hiyo ndogo hakuipuuza. Mwaka 1894 yeye na mwanakemia William Ramsay walitangaza elementi mpya, wakaipa jina kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mvivu, kwa kuwa haikukubali kuungana na kitu chochote.

Baadhi ya maandishi ya Kiswahili huiweka arigoni, pamoja na heli na neoni, katika kundi la "gesi adimu". Lakini kitu kilichojaa hewani kote si adimu. Istilahi inayofaa ni "gesi ajizi", maana inataja tabia yenyewe. Wahenga walisema ajizi ni nyumba ya njaa. Kwa arigoni, ajizi ndiyo faida. Fundi wa kuchomelea alumini huipuliza kwenye kiungo ili oksijeni isiharibu metali iliyoyeyuka. Ndani ya balbu za waya, hulinda tangsteni isiungue.

Kwa Afrika Mashariki imefanya kubwa zaidi. Sehemu ya potasiamu-40, aina ya potasiamu yenye mnururisho, iliyomo mwambani hugeuka polepole kuwa arigoni. Mwamba wa volkano ukiwa umeyeyuka, arigoni ya zamani hutoroka. Ukishaganda, inayozaliwa upya hunaswa ndani ya fuwele, haiungani na chochote. Ikipimwa, umri wa mwamba hujulikana. Mawe ya chokaa ya Mandera, yaliyotokana na mashapo ya bahari ya kale, hayapimiki hivyo. Majivu ya volkano ya Olduvai, Tanzania, yanapimika. Mwaka 1961 yalionyesha kuwa fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, alilolipata mwanaakiolojia Mary Leakey mwaka 1959, lina takriban miaka milioni 1.75.

Walimu na waandishi wa vitabu vya sayansi, tuandike "gesi ajizi". Mwanafunzi akilisikia jina hilo, atakuwa ameshajua nusu ya somo.