Mahindi ni Yale Yale: Kwa Nini Bourbon Ina Heshima na Chang'aa Ina Kesi

Wiki jana nilikuwa kwa beshte yangu pale Buruburu, akatoa chupa ya bourbon aliyoletewa na mjomba wake kutoka Marekani. Vile aliishika, ungedhani ni mtoto mchanga. Wasee wakaonja kidogo kidogo, wakasifu rangi, wakasifu harufu. Mimi sinywi, so nikabaki nikisoma lebo. Nikacheka peke yangu. Hii kitu ni mahindi!

Shosho yangu alipika mahindi Mathare miaka mingi sana. Hakuna mtu aliwahi kushika chupa yake hivyo. Kwetu hadi leo kuna watu wa familia hawataki itajwe.

Tuanze na hao Wamarekani. Kule wana wiski ya mahindi na wana bourbon, na sheria imeandika tofauti yake. Wiski ya mahindi lazima itokane na nafaka ambayo angalau asilimia 80 ni mahindi. Si lazima ikae kwa pipa, ndiyo maana nyingi ni nyeupe kama maji. Ikiwekwa, pipa liwe la mti wa mwaloni lililokwisha tumika, au jipya ambalo halijachomwa ndani. Bourbon inahitaji mahindi asilimia 51 tu, lakini pipa lazima liwe jipya na lichomwe ndani mpaka liwe mkaa. Ile rangi ya asali mnasifu si ya mahindi. Ni ya mbao.

Sasa sikia vile shosho alikuwa anafanya. Unga wa mahindi unachachushwa, unakaangwa, unachanganywa na kimea cha wimbi, unaachwa uchachuke tena. Ukichuja hapo, una busaa. Ukitaka chang'aa, unapika ile pombe kwa pipa la chuma. Mvuke unapanda, unagonga sufuria yenye maji baridi juu, unarudi kuwa matone, unakingwa. Nyeupe kama maji. Kwa hivyo ndugu wa karibu wa chang'aa si bourbon, ni ile wiski ya mahindi. Tofauti kubwa ni nani aliruhusiwa kuipika mchana.

Na hii story haikuanza juzi. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia pombe kali kuuziwa Waafrika sehemu kubwa ya bara hili. Mwanzo wa miaka ya 1920, mji wa Nairobi ulijenga Pumwani na kufungua kilabu cha pombe ya kienyeji, na mji ndio ulikuwa na haki ya kuiuza. Faida ililipia huduma za Waafrika wa mitaa hiyo. Mama aliyepika pombe ile ile kwa nyumba yake alikuwa mhalifu, anashikwa, anapigwa faini. Mwaka 1922 huo, Wazungu walianza kutengeneza bia yao pale Ruaraka. Hiyo ikawa biashara, ya mama ikawa kesi.

Uhuru ulikuja, kesi ikabaki. Mwaka 1980 Bunge letu likapitisha sheria ya kupiga marufuku chang'aa. Shosho hakuacha. Babangu alisoma na hiyo pesa. Alichobadilisha ni saa, akaanza kupika usiku, karibu na mto, na kila wiki kulikuwa na mtu wa kupitia kuchukua chake ndiyo asione kitu.

Sisemi shosho alikuwa malaika. Kuna watoto walilala njaa juu baba yao alimaliza mshahara kwa benchi yake, na yeye mwenyewe alilijua hilo. Lakini alikuwa na kanuni moja: kila kitu alichouza, alikionja kwanza. Kabla sijazaliwa, mtu mmoja alimletea mtungi wa kemikali, akamwambia tone kidogo tu litaongeza makali na faida. Shosho alimfukuza na mwiko.

Si kila mtu alifukuza. Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa hapa Nairobi, wengi wao Mukuru, baada ya kunywa pombe iliyoitwa kumi kumi, kwa sababu glasi ilikuwa shilingi 10. Ilikuwa na methanoli. Hiyo kitu huwezi kuitofautisha na pombe ya kawaida kwa kuonja. Ini linaigeuza kuwa asidi inayoshambulia mishipa ya macho, ndiyo maana waliopona wengine walibaki vipofu. Hata ulimi wa shosho haungemwokoa. Wiki hiyo alizima moto, hakuwasha tena. Akaanza kuuza sukuma.

Wamarekani nao walipitia hapo. Mwaka 1897, baada ya wafanyabiashara kuchanganya wiski na takataka za kila aina, walitunga sheria ya chupa ambayo serikali inasimamia ghala lake na kuithibitisha. Kisha wakapiga marufuku pombe nchi nzima, 1920 hadi 1933. Watu wakapika gizani, sumu ikaua wengi. Wakairuhusu tena. Mwaka 1964 Bunge lao likatangaza bourbon kuwa kinywaji cha Marekani.

Hata jirani alijaribu. Uganda ilitunga sheria mwaka 1965, wapishi wenye leseni wakawa wanapeleka enguli yao kiwandani isafishwe, na hapo ndipo Uganda Waragi ilitoka. Haikumaliza tatizo, maana mwaka 2010 waragi yenye methanoli iliua watu kule Kabale. Lakini angalau kulikuwa na mlango wa mpishi mdogo kuingilia.

Sisi pia, mwaka 2010, tulifuta marufuku. Sheria mpya, ile tunaita ya Mututho, ilisema chang'aa inaweza kuuzwa, ila kwa leseni na kwa chupa ya glasi. Poa. Lakini mama wa Mathare anatoa wapi pesa ya kiwanda na mashine ya chupa? Kwa karatasi alikuwa huru, kwa mto bado alikuwa anakimbia. Februari 2024, watu 17 wakafa Kirinyaga.

Binamu yangu anakunywa makali Huruma karibu kila siku. Najua kuongea naye kuhusu kuacha ni kazi yetu kama familia, na tunaendelea. Lakini kila jioni akinunua ile glasi, hakuna mtu amepima kilicho ndani. Yule beshte yangu wa Buruburu hajawahi kuwa na hiyo wasiwasi hata siku moja, juu watu wa mbali walikubali zamani kwamba mnywaji wao ni mtu, na maisha yake yana thamani.

Pipa la mwaloni ni mapambo tu, buda. Hicho ndicho kiliko ndani ya ile chupa ambacho sisi hatujawahi kupewa.