Msingi: Maana yake kwa fundi, kwa dalali na bungeni

Msingi ni sehemu ya chini ya jengo inayobeba uzito wa kuta na paa na kuupeleka ardhini. Ni neno la ujenzi, lakini hata asiyewahi kushika mwiko analitumia kila siku.

Kwa fundi

Neno hili linataja vitu viwili. Ukisema "kuchimba msingi" unataja mtaro. Ukisema "kujenga msingi" unataja ukuta wa mawe au tofali unaopandishwa humo, kabla ya kujaza kifusi na kumwaga jamvi.

Chukua mfano wa Bulyaga, mjini Tukuyu. Huku mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka na ardhi ina miteremko mingi. Kwenye mteremko mtaro huchimbwa kwa ngazi, kila ngazi ikiwa imelala sawa, ili uzito ushuke wima. Maji ya paa nayo yanatakiwa yapewe njia. Yakituama pembeni ya nyumba, udongo unalainika, msingi unatitia na ukuta unapasuka. Hapo kupiga lipu upya ni kuficha ufa tu.

Kwa dalali

"Kiwanja kina msingi" maana yake mtu alianza kujenga akaishia hapo. Bei inapanda, ila wewe unaona sehemu ya juu tu.

Kwenye maongezi

- Mwanzo: shule ya msingi, mshahara wa msingi.
- Jambo kuu: bungeni swali la msingi hutangulia, ya nyongeza yanafuata. Mtaani tunasema, "Cha msingi uzima."
- Sababu au ushahidi: "Madai hayo hayana msingi."

Mwaka 1995 Mwalimu Nyerere alitumia lugha hiyo hiyo ya ujenzi. Akiongea na waandishi wa habari Dar es Salaam, aliifananisha nchi na nyumba iliyoingia nyufa, akataja rushwa, ukabila na udini. Hotuba hiyo inajulikana mpaka leo kwa jina la Nyufa.

Kumbuka

Msingi ukishafukiwa hauonekani tena. Kama unajenga, fika saiti siku ya kuchimba, siyo siku ya kupaua. Kama unanunua, mwombe fundi unayemwamini afukue pembeni kidogo aone kina na zege, kabla hujatoa hela.