Breki Kabla ya Mbio

Vijana wanaopenda magari ya kasi huulizana kwanza habari za injini. Mimi, niliyefundisha fizikia katika chuo cha ualimu kwa miaka mingi, huuliza swali jingine: gari hilo linasimama vipi?

Breki haiui mwendo, bali huugeuza kuwa joto. Tena mwendo ukizidi mara mbili, joto la kuondolewa huzidi mara nne. Katika breki za ngoma, viatu vya breki husukumwa kutoka ndani vikabane ukuta wa ngoma. Ngoma ikipata moto hutanuka na kuvikimbia viatu, na joto hukwama humo ndani. Dereva hukanyaga, pedali huzama, na gari huendelea na safari yake.

Dawa ni diski, yaani sahani ya chuma iliyo wazi kwa upepo, inayobanwa pande zote mbili. Mwingereza Frederick Lanchester aliandikisha wazo hilo mwaka 1902, lakini ilipita nusu karne kabla ya kampuni za Dunlop na Jaguar kulifanyia kazi katika mashindano. Mwaka 1952 Stirling Moss alishinda huko Reims, Ufaransa, kwa Jaguar yenye diski. Mwaka uliofuata, katika mbio za saa 24 za Le Mans, Jaguar zilishika nafasi ya kwanza, ya pili na ya nne. Uwanja ule ulikuwa na barabara iliyonyooka karibu kilomita 6, iliyoishia kwenye kona kali. Wenye ngoma walilazimika kupunguza mwendo mapema, wenye diski wakachelewa na kuwapita.

Hapa ndipo pana fundisho, msomaji wangu. Breki bora zilinunuliwa ili kwenda mbio zaidi, si ili kuwa salama zaidi. Tarehe 11 Juni 1955, Le Mans hiyo hiyo, Mike Hawthorn alifunga breki za diski ili aingie kwa mafundi wake. Lance Macklin aliyekuwa nyuma yake akakwepa. Pierre Levegh, katika Mercedes yenye breki za ngoma, akaja kwa kasi kubwa na kumgonga. Gari likaruka kuelekea kwa watazamaji. Watu zaidi ya 80 walikufa, na Levegh mmoja wao. Uchunguzi haukumtia hatiani dereva yeyote.

Leo mwenye gari la kasi akitaka kulipeleka uwanjani, aanze na kilicho rahisi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Yakichakaa huchemka upesi, na mvuke hauwezi kusukuma kitu. Hivyo aweke mafuta mapya yasiyochemka upesi, kisha pedi zinazostahimili moto, ndipo afikirie diski kubwa zenye matundu ya kupitisha hewa. Tena akumbuke kwamba pedi za mashindano hazishiki vema zikiwa baridi, kwa hiyo hazifai barabara za kila siku.

Madereva wa malori wanaoshuka mlima Kitonga hawahitaji somo langu. Hutia gia nzito kabla ya mteremko kuanza, wakaiachia injini kazi ya kushikilia. Breki wanaiwekea akiba, kwa kuwa hawajui nani atatokea mbele yao kwenye kona.