Ukuta Mweupe na Mlango Wake

Katika nyumba za kupanga za Kibaha na Kisarawe, chumba kimoja aghalabu hufanya kazi ya vyumba vitatu. Mchana ni mahali pa kupokea wageni, jioni ni mahali pa kula, na usiku ni mahali pa kulala. Siku hizi katika baadhi ya vyumba hivyo kazi ya nne imeongezeka. Shuka jeupe hutundikwa ukutani, dirisha huzibwa kwa kanga, projekta ndogo iliyo sawa na kitabu kinene huwekwa juu ya stuli, na chumba kikawa jumba la sinema. Mwenye chumba hana budi kupiga hesabu. Projekta nyingi za kawaida hutaka umbali wa mita 3 hivi ili kutoa picha yenye upana wa mita 2. Basi kitanda kikila nafasi na umbali ukabaki mita 2, picha nayo hupungua ikawa mita 1 na theluthi. Hata hivyo, picha ya kadiri hiyo yatosha watu watano waliokaa mkekani.

Jambo hili laonekana jipya, lakini lina ukoo mrefu. Na anayeufuata ukoo huo huona upesi kwamba swali kubwa katika historia ya sinema ya Afrika Mashariki halikuwa la mtambo. Lilikuwa swali la mlango: nani aingie, nani amchagulie mwenziwe picha, na nani amweleze maana yake.

Mjini mlango ulifunguka mapema. Unguja ilikuwa na maonyesho ya sinema tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na mwaka wa 1921 mfanyabiashara Hassanali Adamji Jariwalla alifungua jumba la Royal, lililochorwa na J. H. Sinclair, mtumishi wa serikali ya Kiingereza. Dar es Salaam nayo ilipata majumba yake, kama Empire, Avalon na Empress. Lakini mlango uliofunguka haukuwa wazi kwa wote sawasawa. Chini ya utawala wa Waingereza bodi za udhibiti ziliweza kuiruhusu filamu moja kwa Wazungu na Wahindi na kuikataza kwa Waafrika, kana kwamba macho ya watu yametiwa madaraja. Wanawake waliokaa utawa nao hawakuweza kwenda wakati wowote. Kwa hiyo wenye majumba waliweka maonyesho ya zanana, ya wanawake watupu, na wanawake wengi wakapata humo raha ambayo hadhara ya kawaida haikuwapa. Mahali pa starehe si kuta na viti tu. Ni pamoja na hakika ya kwamba aketiye hapo hatatazamwa kwa jicho baya.

Mtu wa Kisarawe au wa vijiji vya njia ya Morogoro hakuwa na jumba la namna hiyo karibu. Ama ashuke Dar es Salaam, ama angoje sinema imfuate kwa gari.

Sinema ya gari ilianza kwa mpango maalumu nchini Tanganyika. Mwaka wa 1935 kazi iliyoitwa Bantu Educational Kinema Experiment ilifungua makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, kwa fedha zilizotoka hasa katika mfuko wa Carnegie wa Marekani. Viongozi wake walikuwa L. A. Notcutt, aliyewahi kusimamia mashamba, na G. C. Latham, aliyekuwa mtumishi wa elimu Rhodesia ya Kaskazini. Hata kazi ilipokoma mwaka wa 1937 walikuwa wamekwisha tengeneza filamu zipatazo 35, juu ya safura, malaria ya watoto, kilimo, na kuweka akiba posta. Walitumia filamu nyembamba ya milimita 16, iliyokuwa nyepesi kuchukuliwa na salama kuliko filamu kubwa za majumbani, ambazo zilishika moto upesi. Sauti hawakuitia katika filamu. Waliitia katika sahani za gramafoni, ili picha ile ile iweze kusemeshwa kwa lugha nyingine mahali pengine. Wazo hilo lilikuwa la busara. Walitambua kwamba picha haisafiri bila ya maneno, na maneno lazima yawe ya mwenye kutazama.

Waliofuata walichukua gari na kuacha sehemu ya busara hiyo. Idara ya filamu ya makoloni, iliyoanzishwa London mwaka wa 1939 chini ya William Sellers, ilishika nadharia kwamba jicho la Mwafrika wa kijijini halijafunzwa kusoma picha. Kwa hiyo filamu yake iende polepole, isiruke kutoka mahali hadi mahali, wala isitumie hila za kamera. Nadharia hii ilikanushwa na watazamaji wenyewe. Katika miaka ya 1950 filamu ya Kihindi iitwayo Awara, ya Raj Kapoor, ilijaza majumba ya pwani. Watazamaji wengi hawakujua Kihindi, na filamu yenyewe ni ndefu, yenye nyimbo, ndoto na kurudi nyuma kwa wakati. Waliifuata, wakailia, wakaijadili kutwa. Lililowachosha watu katika filamu za safura halikuwa wepesi wa kamera. Walichoshwa na kuhubiriwa.

Serikali ya Tanganyika yenyewe ilijifunza somo hilo kwa kiasi fulani. Ilipotengeneza Muhogo Mchungu, mwanzoni mwa miaka ya 1950, ilitumia Kiswahili na mchezo wa kuchekesha, na mchezaji mkuu alikuwa kijana wa ustawi wa jamii aliyefanya kazi pia katika sinema ya gari, Rashidi Mfaume Kawawa. Januari 1962 kijana huyo akawa Waziri Mkuu. Si ajabu: aliyezoea kusimama usiku mbele ya kijiji kizima na kukieleza kitu kigeni kwa maneno ya nyumbani alikuwa amekwisha pata nusu ya elimu ya siasa.

Televisheni ilikawia kufika bara. Zanzibar ilikuwa nayo tangu 1973, lakini bara ilianza mwaka wa 1994 tu. Katika pengo hilo, na hata baada yake, yalisitawi mabanda ya video, yenye benchi, turubai na kiingilio kidogo. Humo alizuka mfasiri. Aliyepata sifa kuliko wote ni Derek Mukandala, aitwaye Lufufu, aliyezisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, akiwapa wahusika tabia na mizaha ya Dar es Salaam. Kazi yake ilikuwa ile ile ya msemaji wa gari la serikali, ila kwa tofauti moja kubwa: yule alitumwa na mwenye filamu, na huyu alitumwa na watazamaji.

Sasa projekta imeingia chumbani. Mwenye chumba ndiye bodi ya udhibiti, ndiye mwenye jumba, na akipenda ndiye mfasiri. Faida yake ni kubwa hasa kwa wale ambao hadhara haiwapi raha: binti asiyeruhusiwa kutoka usiku, mgonjwa, mgeni asiye na kabila lake mtaani, na kila anayekwepa macho ya watu kwa sababu anayoijua mwenyewe. Hao wamepata zanana yao bila ya kungoja siku iliyopangwa. Lakini mlango ulio mkononi mwa mtu mmoja huweza pia kufungwa na mtu mmoja. Gari lilihubiri, nalo lilikusanya mzee na mtoto, mwenye shamba na kibarua. Banda lilikuwa na joto na kelele, nalo halikumuuliza mtu ukoo wake maadamu ana kiingilio. Chumba humwingiza aliyealikwa tu.

Basi ubora wa chumba cha sinema haupimwi kwa upana wa picha peke yake. Hupimwa pia kwa idadi ya viatu vilivyovuliwa mlangoni, na kwa vya nani.