Kinga Haikupungua, Imehamaki

Karatasi ya mafunzo ya wahudumu wa afya iliyonifikia hapa Uvira yasema mtoto mwenye pumu akishikwa na mafua huingiwa na “upungufu wa kinga”. Jopo la wafasiri lilipitisha maneno hayo bila kujiuliza yamekwisha kufanya kazi gani. Ndiyo yaliyozaa UKIMWI: Upungufu wa Kinga Mwilini. Kuanzia Kalundu hadi Kavimvira, mama aliyebeba mtoto mgongoni, kifua kikilia filimbi, atasikia hukumu nyingine kabisa.

Tena ni kosa la kisayansi. Mwaka 1995 watafiti wa Southampton, Uingereza, walikuta virusi katika takriban vipindi vinne kati ya vitano vya kubanwa kifua kwa watoto wa shule, hasa virusi vya mafua ya kawaida. Njia za hewa zikivamiwa hupiga yowe: eosinofili, chembe za kinga, humiminika, ute hujaa, misuli hukaza. Wapinzani wangu hushikilia kwamba interferoni, zinazozuia virusi kuzaana, mara nyingi huchelewa kwa watoto hawa. Kweli. Lakini mlinzi mmoja akichelewa na wenzake wakavunja nyumba, nani atasema nyumba ilikosa walinzi?

Neno langu ni hamaki ya kinga. Hamaki ina asili ya Kiarabu, katika mzizi wa upumbavu. Kiswahili kikaifanya hasira ya ghafla, inayompokonya mtu busara. Kinga hutoka katika kukinga. Lakini wazee wana kinga nyingine, kijinga cha moto: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Sidai maneno hayo ni ndugu. Nasema sikio la Mswahili husikia ngao na moto pamoja, na ndivyo kilivyo kifua cha mtoto huyu. “Mwitikio wa kinga” naukubali kwingineko. Kuitika ni kujibu ulipoitwa, na anayebomoa ukuta hajaitika.

Neno langu nililipeleka kwa wahakiki. Likarudi limefutwa kwa kalamu nyekundu, pembeni: “si la kitaalamu”. Mwenye kalamu hiyo hajakesha na mtoto anayepumua kwa mabega.

Matumizi: “Mafua yameihamakisha kinga ya mtoto.” Akiambiwa upungufu, mama hutafuta vitamini, na dawa ya kuvuta huiweka kando. Akiambiwa hamaki, anajua kuna cha kutuliza, kila siku, hata siku ambayo kifua kimenyamaza.