Majimoto, Washonaji wa Majani

Kundi hili la majimoto (Oecophylla longinoda) linaishi kwenye mlimau huu. Limezungushiwa maji tu, hakuna kioo, basi usiguse matawi: wanang'ata kweli. Chakula chao ni maji ya sukari na panzi.

Tazama ukingo wa jani. Wafanyakazi hushikana viuno, mmoja nyuma ya mwingine, wakivuta majani mpaka yakutane. Wenzao huleta mabuu mdomoni na kuwapitisha huku na huko; hariri inayowatoka mabuu ndiyo inayoshona. Aliyekomaa hana hariri, na hili ndilo la ajabu kuliko yote.

Zanzibar, miaka ya 1950, mtafiti M. J. Way alichunguza jinsi majimoto wanavyoilinda minazi dhidi ya kunguni anayefyonza vidaka, Pseudotheraptus wayi.