Chumvi iliyojificha mgongoni mwa paketi

Wasomaji wangu, nimepotea hapa wiki mbili. Nilikuwa Mpapura, Mtwara, kumwangalia mama mkubwa. Presha imempanda, na hospitali wamemwambia apunguze chumvi.

"Mbona nimepunguza, mwanangu," akaniambia. Kweli, chumvi ya kuongeza mezani ameacha. Lakini mchuzi wake haupiti siku bila kile kipaketi cha viungo cha dukani. Nikakichukua. Mbele: kuku amechorwa akanona, na sifa za ladha. Nyuma: herufi kama punje za ulezi, Kiingereza kitupu, na neno "sodium". Hakuna neno chumvi. Ilibidi nipige hesabu: gramu 1 ya sodiamu ni sawa na gramu 2.5 za chumvi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kisichofika kijiko kimoja cha chai. Mama mkubwa angejuaje?

Nikaanza kusoma historia ya jambo hili. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1990, na kuanzia 1994 vyakula vya paketi vikawa na jedwali la virutubishi. Lakini jedwali lilikaa nyuma au ubavuni. Mnunuzi alipewa hesabu, jibu akatafute mwenyewe.

Sweden ilikuwa imeanza njia nyingine mwaka 1989: tundu la ufunguo la kijani mbele ya paketi, kuonyesha chakula chenye nafuu kuliko wenzake wa aina moja. Mwaka 1993 Finland ikasema wazi zaidi: baadhi ya vyakula vikizidisha chumvi, paketi iseme kwamba ina chumvi nyingi. Uingereza mwaka 2006 ikaja na rangi za taa za barabarani, nyekundu, njano na kijani, lakini kwa hiari ya kampuni. Na hiari tunaijua: mwenye kuuza kitu kibaya hajitolei kukitangaza.

Chile ndiyo iliyokata mzizi. Sheria yake ya 2012 ilianza kutumika Juni 2016: paketi yenye sukari, chumvi, mafuta mabaya au kalori kupita kiasi inapigwa alama nyeusi ya pembe nane, mbele, kila mtu aione. Ni lazima. Viwanda vingi vikapunguza sukari na chumvi ili kuikwepa alama hiyo. Mexico ikafuata mwaka 2020.

Msiseme haya ni mambo ya Wazungu na Walatini. Sisi tuliwahi kuifanya paketi iseme. Rovu, ule uvimbe wa shingoni, lilisumbua mikoa mingi, na katikati ya miaka ya 1990 kanuni zikaagiza chumvi ya kula iwekwe madini joto. Paketi zikaandikwa hivyo, kwa Kiswahili. Leo hata asiyejua kazi ya madini joto ameshayasikia.

Lakini pwani yetu hii ina somo la pili. Lindi na Mtwara huvuna chumvi baharini, kwenye mashamba madogo madogo, na kwa miaka mingi tafiti za kitaifa ziliitaja mikoa hii kuwa nyuma kwa chumvi yenye madini joto. Chumvi ya kupimiwa kwa kikombe kutoka kwenye gunia haina uso wa kuandikwa kitu. Kwa hiyo alama peke yake haitoshi, maana sheria isipomfikia mwenye gunia, inaishia mjini.

Ila kipaketi cha mama mkubwa kina uso. Kimetoka kiwandani, na kiwanda kina anwani. Usimamizi wa usalama wa chakula ulihama TFDA kwenda TBS mwaka 2019, kwa hiyo tunajua pa kubisha hodi. Mimi nataka maneno mawili tu, mbele, kwa Kiswahili: CHUMVI NYINGI.

Kabla sijaondoka nilichukua kalamu nyeusi nikachora duara kwenye vipaketi vyote vya jikoni. Mama mkubwa akacheka: "Umeniwekea hirizi?" Nikamwambia, ukiona duara, tia nusu. Juzi nimempigia simu. Anasema mchuzi umepooza, lakini anatia nusu.

Na wewe, jioni ya leo kabla hujapika, geuza paketi yako. Kisha niambie umekuta nini.